Mvua ya Dodoma kwenye matriksi: anza na Julai

Ukichora mvua ya Dodoma kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, usianzishe safu mlalo na Januari. Huku msimu ni mmoja: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili. Jedwali la Januari hadi Desemba huupasua msimu huo katikati. Desemba ya kupanda uwele inabaki mwisho wa safu moja, Januari ya palizi inaangukia mwanzo wa safu nyingine, na jicho haliwezi kuziunga.

Tuseme una jumla za kila mwezi za miaka 30, namba 360 mfululizo kuanzia Januari, katika orodha ya NumPy iitwayo mvua. Tupa sita za mwanzo na sita za mwisho:

m = mvua[6:-6].reshape(-1, 12)

Zinabaki 348: misimu 29 kwa miezi 12, Julai hadi Juni. Hapa ndipo wengi huteleza. reshape hujaza safu mlalo moja baada ya nyingine, haijui mwezi wala mwaka. Kama faili lako limeorodhesha Januari zote 30, kisha Februari zote, halitatoa kosa lolote. Utapata picha nzuri ya uongo. Panga upya kwanza:

mvua = mvua.reshape(12, 30).T.ravel()

Kisha chora m kwenye ax, eneo la mchoro wako, kila namba ikiwa seli ya rangi:

ax.imshow(m, aspect='auto', vmin=0, cmap='YlGnBu')

Bila aspect='auto' kila seli inakuwa mraba na picha inarefuka kama mlingoti. Rangi za kawaida, viridis, hazifai hapa: sifuri hutoka zambarau iliyokolea, na msomaji hudhani giza ndiyo mvua nyingi. Ukihamia pcolormesh, amri nyingine ya kuchora matriksi kwa rangi, kumbuka safu ya 0 huwekwa chini, ilhali imshow huiweka juu; miaka itapinduka. Tumia ax.invert_yaxis().

La muhimu kuliko yote ni sifuri. Sifuri ya Julai Dodoma ni kipimo halali kabisa. Lakini Februari ambayo kipimamvua hakikusomwa si sifuri. Ukiiandika 0 umetangaza ukame ambao haukuwepo. Weka np.nan, alama ya NumPy ya namba isiyokuwepo (NaN). Kama faili lina vistari mahali pa namba, pd.to_numeric(safu, errors='coerce') ya pandas itavigeuza kuwa NaN; ukiviacha, imshow itakataa kuchora. NaN haipakwi rangi, kwa hiyo huonekana nyeupe, karibu sawa na njano mpauko ya kiangazi. Ongeza ax.set_facecolor('gray') ili pengo lionekane pengo.

Lebo za safu mlalo ziandike kwa msimu, 1996/97, si kwa mwaka mmoja.