Chupa Chini ya Mwembe

Juzi binti yangu, anayesomea uuguzi, alinipigia simu na swali la chuoni: kwa nini watafiti wanaopima ni watoto wangapi wamechanjwa wasikae tu kliniki wakawauliza kina mama wanaokuja? Nilianza kumjibu kwa hesabu, nikajikuta nimerudi kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, miaka ile ya tisini.

Ukikaa kliniki unawapata waliofika kliniki. Unaowatafuta hasa ni wale wasiofika, na hao hawako kwenye benchi. Ndiyo maana tulifuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani: vijiji 30 vinachaguliwa kwa bahati nasibu, kijiji kikubwa kikiwa na nafasi zaidi kuliko kidogo, na kila kimoja kinatoa watoto 7 wa miezi 12 hadi 23. Jumla watoto 210. Ukifika kijijini unasimama katikati, unazungusha chupa, unakwenda mdomo wake ulikoelekea.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshatuandalia nyumba. Ziko barabarani, zimeezekwa bati, kina mama wamekaa mkekani, kadi za kliniki zimetunzwa kwenye mifuko ya nailoni. Tukamwamkia, tukamweleza, akasikiliza kwa makini. Kisha kiongozi wetu akalaza chupa ya soda chini ya mwembe, akaizungusha. Watoto walikuwa wameshatuzingira, wanashangilia kama wako mpirani. Chupa ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikatulia. Mdomo ukaelekea mlimani, kwenye kijia chembamba kinachopotelea migombani.

"Hiyo imekosea," mwenyekiti akasema. "Zungusha tena, mwanangu."

Watoto wakanyamaza. Hakusema kwa ukali, alikuwa anaomba. Kiongozi wetu naye akamjibu kwa upole: "Mzee, tukirudia mpaka itupeleke unakotaka, utakuwa umechagua wewe."

Akaitazama chupa. Akakitazama kile kijia, kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akatoka na fimbo yake, akatutangulia.

Tulihesabu nyumba za upande ule, tukapata ya kuanzia kwa tarakimu za mwisho za namba ya noti, kisha tukawa tunafuata mlango ulio karibu zaidi. Huko juu tulimkuta mama mmoja ambaye mwanawe hakuwa na kadi wala kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Siku ya kliniki, alisema, ndiyo siku ya gulio, na ndizi ndizo zinazomnunulia chumvi. Nikajaza fomu, tukamsihi ampeleke mtoto.

Chupa nayo ina upendeleo wake: nyumba za katikati hupata nafasi kubwa kuliko za pembezoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka kila kaya iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, nami naunga mkono kabisa. Lakini bila chupa ile, siku ile tungeishia mkekani.

Tukiteremka, mwenyekiti akaniuliza kama kijiji chake kitatangazwa kuwa kimeshindwa. Nikamwambia hapana, watoto saba hawatoshi kukisemea kijiji. Wakijumlishwa na wa vijiji vingine ndipo tunapata picha ya mkoa, nayo inaweza kupotoka hadi asilimia 10 juu au chini.

"Kwa hiyo yule mtoto wa kule juu ni wa mkoa," akasema. "Na siku ya kliniki ataibadilisha nani?"