Swala twiga wa nyika ya Tsavo

Jana jioni nimefika nyumbani Mombasa kutoka Tsavo Mashariki, mchanga mwekundu bado umo viatuni. Wenzangu walifuata ndovu. Mimi moyo wangu ulibaki kwa swala twiga. Alisimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo ameinyoosha, akichuma majani ya mgunga moja moja kwa midomo, katikati ya miiba mirefu kama sindano. Maji? Anaweza kukaa bila kunywa kabisa, majani yenyewe yanampa unyevu wa kumtosha.

Kando ya njia, digidigi wawili, dume na jike, walikuwa wamejibanza kivulini, pua zikichezacheza. Pua ile ndefu ndiyo inayompoza damu joto likizidi. Wallahi sikutaka gari liondoke.