Nilivyomfundisha binti yangu bao (mara ya kwanza nilikosea)

Binti yangu ana miaka 9 na tangu mwaka uanze tunacheza bao kila Jumapili jioni. Naandika hii kwa sababu mwanzo nilimfundisha vibaya kabisa, na naona wazazi wengi tunafanya hivohivo halafu tunasema watoto wa siku hizi hawana subira.

Mi nilianza na bao lenyewe. Yani nikapanga kete 6 kwenye nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi, nikaanza kueleza kunamua (kuingiza kete za mkononi ubaoni), lini nyumba inasafiri, yani kete zake zinazolewa na kuzungushwa, lini unatakata, yani unacheza bila kula, mara kichwa (shimo la mwisho kila upande wa safu ya mbele), mara kimbi, lile linalofuata kichwa, dakika 20 zimepita mtoto hajadondosha kete hata tatu. Akasema "baba nimechoka" akaondoka. Wiki mbili hakusogelea ubao na iliniuma sana, maana mi mwenyewe bao nililipata kwa babu tukichimba vishimo mchangani na sikumbuki hata siku moja alikaa akanisomea sheria, tulikuwa tunacheza tu.

Kwahiyo nikarudi kwenye bao la kujifunza. Kete mbili mbili kila shimo, mashimo yote 32, kete zote 64 ziko ubaoni, mkononi hamna kitu na habari ya nyumba hakuna. Siku ya kwanza hata kula sikumwambia. Tulizungusha tu, chukua, dondosha moja moja, ya mwisho ikikuta wenzake zoa zote endelea, ikidondokea shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Basi. Mkono uzoee kwanza, na ule mlio wa komwe (mbegu tunazozitumia kama kete) kwenye mbao ndo uliomrudisha, nawaambia ukweli, alitaka tu asikie kete zinavyodondoka.

Wiki iliyofuata ndo kula: kete yako ya mwisho ikute kete kwenye shimo lako la mbele, na shimo la mwenzio linalokutazama nalo lisiwe tupu, hapo unazoa zake unaanza kuzipanda kichwani kwako. Hiyo aliishika haraka. Kilichomsumbua ni tabia yake ya kuficha kete nyuma. Anakuwa na mzigo safu ya nyuma, anafurahi, mbele kumebaki kete mbili, nazila zile mbili nasema umefungwa. Alilia siku hiyo. "Baba lakini mi nina nyingi kuliko wewe!" Na kweli alikuwa nazo nyingi. Sikumpunguzia na sikumwachia ashinde, nikapanga ubao upya nikamwonyesha polepole kwamba mbele kukiisha mchezo umeisha, hata nyuma uwe na ghala zima. Sasa hivi anazirudisha mbele mapema kuliko mimi.

Halafu kuna kitu aligundua mwenyewe. Alikuwa na shimo limejaa, akazungusha, akasema ukiwa na 16 ya mwisho inakurudisha palepale ulipoanzia na pale umeshapaacha patupu, kwahiyo unalala. Mashimo yetu ni 16 kila mtu, ndo maana. Nikamwambia na wazee wana sheria yao hapo, shimo lenye kete zaidi ya 15 huwezi kuanzia kula nalo. Alivyofurahi, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Mwezi uliopita nikampeleka kijiweni. Kijiwe nilichokulia mi bao ni la wanaume tu, wasichana wanapita wanasalimia wanaenda zao, na hili silipendi, sioni kwanini akili ya kuhesabu mizunguko minne mbele iwe na jinsia. Akatoa shikamoo zake, mzee mmoja akamsogezea benchi, "njoo mjukuu wangu kaa hapa uone". Akakaa saa nzima kimya. Kuna mahali yule mzee alizoa kete akazunguka, akala, akazunguka tena, na binti yangu akaninong'oneza "atalala kichwani baba". Akalala kichwani kweli.

Njiani kurudi akaniuliza mbona wale wanashika kete mkononi na wana shimo moja la mraba hawaligusi. Nikamwambia ile ndo nyumba, Jumapili tunaanza nayo.