Kidole Kimoja cha Mvinyo

Juzi jioni ujumbe uliingia kwenye simu, hauna salamu wala hodi: "Mama, Jumamosi nina mtoko. Mgahawa wenyewe ni wa vitambaa vyeupe. Nikiletewa orodha ya mvinyo nichague upi?"

Ni kitinda mimba wangu, yule wa maswali. Nikausoma mara tatu. Mara ya kwanza nikataka kujua mtoko wa na nani. Mara ya pili nikajikumbusha kwamba leo ameshapita umri niliokuwa nao mimi usiku ule. Mara ya tatu, na hapa msinicheke, pua ikajaa harufu ya boksi lililonyeshewa mvua likaachwa likauke lenyewe nyuma ya mlango. Sebuleni hapakuwa na boksi. Palikuwa na mimi, simu, na Baba Watoto aliyekodolea macho mpira wake.

Nikaanza kumjibu. Nikaandika mistari kumi, nikafuta yote. Basi ngoja niwasimulie ninyi kwanza.

Aliyenialika alikuwa huyu huyu wa mpira, enzi hizo akiwa bado ana kiuno. Alinipa taarifa wiki nzima kabla, na hilo ndilo lililoniponza. Ukipewa siku mbili unatafuta gauni. Ukipewa saba unatafuta elimu. Niliazima maktaba kitabu kinene cha mvinyo nikakikalia kama mwenye mtihani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba yule kijana ni mtu wa kujua mambo, nami sikutaka kukaa mbele yake nikitumbua macho.

Kitabu kile kilinichanganya kabla hakijanifundisha. Nilikuwa nikidhani Chablis ni aina ya zabibu. Kumbe ni mahali, huko kaskazini mwa Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, na zabibu yenyewe ni Chardonnay. Sancerre nayo ni mahali. Mvinyo wake mweupe hutokana na Sauvignon Blanc. Barolo ni kijiji cha Italia, zabibu yake ni Nebbiolo. Yaani unaambiwa mtu anatoka wapi, jina lake ujitafutie mwenyewe. Nikajifunza pia kwamba hata zabibu nyeusi, nyingi zake, ukizikamua hutoa maji yasiyo na rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda yaliyoachwa humo yachachuke pamoja na maji yake. Maganda hayo hayo, pamoja na kokwa na vikonyo, ndiyo huleta tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika. Nyama yenye mafuta huutuliza ukakasi huo. Samaki hauwezi: mara nyingine mdomoni hubaki ladha ya chuma, kama umelamba ufunguo.

Kwa hiyo nilikwenda nimejipanga. Kikija samaki, Chablis. Ikija nyama, mwekundu wenye nguvu. Kikaratasi nilikificha ndani ya pochi.

Yeye akaagiza samaki. Mimi, mdomo ukanitangulia, nikaagiza nyama.

Orodha ya mvinyo ilikuwa kitabu cha jalada la ngozi, na mhudumu alimkabidhi yeye bila kujiuliza mara mbili. Akakifungua. Akakitazama kama mtu anayesomeshwa mkataba wa nyumba. Halafu akakisukuma upande wangu, taratibu, akikipitisha kando ya mshumaa: "Chagua wewe. Unaonekana unajua."

Nilidhani ananiheshimu. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anaogopa.

Kitabu changu cha maktaba kilikuwa na jibu hata kwa ajali ya namna hiyo: Pinot Noir. Ganda lake ni jembamba, ukakasi wake ni mdogo, unaweza kukaa kati ya samaki na nyama bila kumuudhi yeyote. Na kwa mvinyo mwekundu wa Burgundy, zabibu huwa karibu kila mara ni hiyo. Nikateremka na kidole kwenye ukurasa, si kwa kufuata majina, kwa kufuata bei. Wa chini kabisa nikauacha nisionekane bahili, nikakamata wa pili kutoka chini. Nilijiona mjanja sana. Sikujua kwamba ujanja huo wanao wateja wengi, na wenye migahawa wanaujua kuliko wateja wenyewe. Kulitamka jina sikuthubutu. Nilielekeza kidole nikasema, "Huu."

Chupa ikaja. Mhudumu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mikono isiyo na haraka. Akamwonyesha lebo yule asiyeiagiza. Baba Watoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto mchanga wa jirani. Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo, kikawekwa juu ya kisahani. Halafu mvinyo wa kidole kimoja ukamiminwa kwenye glasi. Ya kwake.

Sasa, mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba kidole kile hakiletwi ili mtu aulizwe kama amependa. Huletwa ili akague kama mvinyo ni mzima: uzungushe kidogo, uunuse, uonje ukitaka, useme sawa au useme una kasoro. Nilijua pia kwamba anayeonja ni yule aliyeagiza. Yeye hakujua lolote kati ya hayo. Alishika glasi akabugia kidole chote kwa mkupuo, kama dawa ya kikohozi. Nilikiona kikoromeo chake kikipanda na kushuka. Akaweka glasi chini.

"Safi," alisema.

Mhudumu akanimiminia mimi, kisha yeye, akafuta tone lililoning'inia shingoni mwa chupa. Nikainua glasi. Nikaizungusha kwa madaha niliyoyafanyia mazoezi nyumbani kwa kikombe cha maji. Nikainusa.

Boksi. Boksi lililoloa. Chini ya boksi labda palikuwa na tunda, lakini kama lilikuwapo lilikuwa limefunikwa blanketi.

Kitabu kilikuwa na ukurasa juu ya hili. Vizibo hutengenezwa kwa gome la mwaloni. Ukungu ulio kwenye gome ukikutana na viambata vya klorini huweza kuzaa kitu kiitwacho trikloroanisoli, wenyewe hufupisha wakasema TCA. Mwili hakiudhuru. Kinachofanya ni kuua harufu ya tunda na kuacha ya kwake, na pua ya mtu hukigundua hata kikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Ukiuacha mvinyo upate hewa, hauponi. Mhudumu akiambiwa anapaswa kuirudisha chupa na kuleta nyingine, basi, hakuna kesi.

Yote hayo niliyajua. Lakini pua yangu ilikuwa na elimu ya wiki moja. Sikuwahi hata siku moja kunusa mvinyo ulioharibiwa na kizibo; nilikuwa nimesoma maneno tu. Na kitabu hicho hicho, kurasa chache mbele, kilikuwa kimeisifu Pinot Noir iliyokaa miaka kwa harufu ya uyoga, ya majani yaliyoanguka, ya udongo wenye unyevu. Udongo wenye unyevu na boksi lenye unyevu, mtu wa wiki moja azitofautishe vipi? Huenda hivi ndivyo wanavyonusa wakubwa. Huenda hii ndiyo heshima yenyewe ya Burgundy, nami ndiye mshamba ninayetaka kuirudisha.

Na hata kama nina hakika. Yeye ameshasema safi. Amesema mbele ya mhudumu. Nikisema mimi kwamba umeharibika, nimewaambia wanaume wawili kwa mpigo kwamba mmoja hakujua na mwingine alimpa asiyehusika. Nilimwona akinitazama juu ya mshumaa, ametabasamu upande mmoja, anasubiri nifurahi. Mhudumu naye amesimama, chupa mkononi. Sikumbuki muziki, sikumbuki gauni nililovaa. Nakumbuka kile kizibo juu ya kisahani, upande mmoja umelowa zambarau, na mimi nikikikazia macho kana kwamba kitanijibia.

"Mzuri sana," nikasema.

Tuliumaliza. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano hivi, sita ukiwa bahili wa kumimina, na tuliumaliza wote, ukizidi kuwa boksi kadiri muda ulivyokwenda. Akanisindikiza. Mtoko wa pili akachelewa, wa tatu akachelewa, tukaoana, watoto wakaja. Hayo mnayajua.

Ilipita miaka kadhaa. Siku moja tukaalikwa chakula kwa marafiki, mwenyeji akafungua chupa, akanusa, akakunja uso. "Huu kizibo kimeuharibu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha, akaenda kuleta nyingine. Ila ile glasi aliizungusha mezani ili kila mtu ainuse ajue. Ikanifikia. Nikaitambua kabla haijakaribia uso. Nikampa Baba Watoto. Akanusa, akanusa tena, halafu akainua macho taratibu akanitazama.

Hatukusema kitu mpaka tukiwa njiani.

"Usiku ule," akasema.

"Usiku ule."

"Nilijua una harufu ya stoo. Lakini ulikuwa umeuchagua wewe. Ulikuwa umejiamini mno. Ningesemaje?"

"Na wewe ulikuwa umeshasema safi. Mimi ningesemaje?"

Tulicheka, ndiyo. Tulicheka sana. Halafu kicheko kikaisha na njia bado ndefu, nikaanza kuwaza ambacho sikukisema. Maana si mvinyo tu. Yapo mambo mengine katika nyumba yetu yaliyonywewa vile vile mpaka tone la mwisho, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mengine nashukuru tuliyanywa. Mengine, sijui.

Yeye siku hizi ana utetezi. Alisoma mahali kuhusu jaribio la Bordeaux, huko Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2001, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. "Wasomi hao," husema, "mimi nani?" Nikimjibu kwamba wale walidanganywa na macho, na yeye pua yake ilimwambia kweli akaipuuza, hugeukia mpira.

Turudi kwa binti. Juzi hatimaye nikaandika. Nilimwambia asihangaike na majina. Waamue kwanza wanakula nini. Kisha amwambie mhudumu anapenda wa namna gani, mkavu au wenye utamu, mwepesi au mzito, na aweke kidole kwenye bei anayoiweza aseme, "Kitu cha aina hii." Mhudumu ataelewa, na aliyekaa mbele hatasikia tarakimu. Wakiagiza vyakula visivyopatana, Pinot Noir itawasuluhisha, au kila mmoja aagize glasi yake. Chupa moja si ndoa. Nilimwambia akiagiza yeye, aonje yeye. Kidole kikienda kwenye glasi nyingine, aisogeze ya kwake mbele, kwa upole, bila hotuba.

Akajibu papo hapo: "Na nikionja nikaona una kasoro, yeye anasema mzuri?"

Ndiyo maana nasema huyu ni wa maswali.

Nikaandika "Sema." Nikalitazama neno hilo. Limekaa vizuri, fupi, la mama anayejua. Nikafikiria kama ningelisema mimi usiku ule. Labda angecheka, tukaletewa chupa nyingine, tukauonja huo mvinyo nisioujua ladha yake hadi leo. Labda angenyamaza, akalipa, akanisindikiza kwa adabu, na huyu anayeniuliza asingekuwapo wa kuuliza. Nikafuta. Nikaandika, "Inategemea." Nikafuta hilo pia, maana ananijua, atauliza inategemea nini.

Mwisho nikaandika mistari minne. Sitawaambia ilisema nini, kwa sababu sijaiamini bado. Nikamsomea Baba Watoto kwa sauti, neno kwa neno, nikamuuliza kama imekaa sawa.

"Safi," alisema, bila kugeuza shingo.

Nikairudia kuisoma tangu mwanzo.