Kamba ya Usumba ya Bibi

Arubaini ya Bibi imepita juzi. Waliokuja kusoma hitma wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na mimi nimebaki hapa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, siku mbili zaidi kabla ya kupanda boti kurudi Dar es Salaam, kwa sababu shangazi ameniomba nimsaidie kupanga vitu vya marehemu. Vitu vyenyewe si vingi. Zipo kanga zake, nyingine bado ni jozi ambazo hazijakatwa, upo mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe, ipo tasbihi, na ipo kamba nyembamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndefu kuliko chumba alichokuwa akilala, iliyojaa mafundo tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Shangazi aliuliza kama ni ya kutupwa. Nilimwomba anipe mimi, kwa kuwa mimi nilifundishwa kuisoma.

Ile kamba ndiyo iliyokuwa daftari la Bibi. Chuoni alihitimu Kurani, lakini shule hakuiona, na hesabu zake zote alizifunga humo: fundo moja kwa kila kilo kumi za mwani mkavu, fundo kubwa la kuzungusha mara mbili kwa kila kilo mia, na pale alipokwisha kulipwa alipitisha uzi mwekundu aliouchomoa kwenye kanga kuukuu. Nilipokuwa mdogo alinikalisha barazani, akaniwekea kidole juu ya mafundo, akaniambia nihesabu huku nimefumba macho. Nikikosea alinirudisha mwanzo, hata kama chakula kilikuwa tayari.

Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Kabla ya hapo wanawake wa pwani hii walikuwa na makumbi yao, wakachokoa pweza na kuokota chaza, lakini fedha iliyotokana na kazi hizo ilikuwa ya kununulia chumvi na mafuta ya taa. Mwani ulileta fedha ya kujengea. Bibi alikuwa miongoni mwa waliopiga vigingi mapema, na Babu hakupendezwa. Alisema hataki mke wake ashinde majini nguo zikiwa zimemganda mwilini, na wanaume wengi wa kijiji walisema hivyo hivyo. Siwezi kuwalaumu sana wazee wale, kwani hakuna aliyejua kama mmea ule ungekuwa na mnunuzi mwaka wa pili. Bibi hakugombana naye. Alimpikia, akamtengea, akamngoja amalize kula, kisha akamwambia kwamba kesho maji yanapwa alfajiri na yeye atakwenda. Akaenda. Nadhani hapo ndipo alipokuwa tofauti na watu wengi ninaowajua: hakusubiri kukubaliwa, wala hakumvunjia heshima yule ambaye hajamkubalia.

Kazi ile nimeifanya naye wakati wa likizo, nami nakiri kwamba picha za watalii hazionyeshi lolote. Katika bamvua maji yanakwenda mbali, na una saa chache tu za kuinama ukifunga vipande vya mwani kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba ya nailoni iliyowambwa baina ya vigingi viwili, kipande baada ya kipande, chumvi ikikuingia machoni na kwenye michubuko. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba mzigo unaochuruzika maji hadi ufukweni, unaanika, unageuza, unauingiza ndani ikinyesha. Huko ng'ambo mwani huo hutolewa ute wa kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Vidole vya Bibi vilikuwa vimekauka hadi havikunjiki vyema, lakini fundo la tai-tai alilifunga bila kulitazama.

Kwa fedha hiyo alijenga nyumba ya mawe na bati kwenye kiwanja alichorithi kwa mama yake. Ilimchukua miaka mingi, kwa kuwa alinunua mifuko ya saruji miwili miwili. Ilipokwisha, Babu alihamia pale, wakaishi kwa masikilizano hadi alipofariki, na kijiji kizima kiliendelea kuiita nyumba ya Bibi. Kwa fedha hiyo hiyo shangazi alimaliza sekondari, wakati posa ilikuwa imeshaletwa na wajomba wameshaipokea. Bibi aliirudisha mwenyewe, kwa mkono wake, pamoja na kila kilichokuja nayo.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mizani. Bibi alikuwa na desturi ya kupima kila gunia kwa mizani ya duka la jirani kabla ya kulipeleka ghalani kwa mnunuzi. Msimu mmoja jumla ya ghalani ikawa pungufu ya mafundo yake kwa kilo kumi na mbili. Karani alimwonyesha daftari. Bibi alimwonyesha kamba. Watu walicheka, naye akakaa juu ya gunia lake akasema haondoki mpaka mizani itazamwe ikiwa tupu. Ilipotazamwa, mshale ulikuwa unakaa nyuma ya sifuri. Alilipwa kilo zake, lakini hakuondoka hata hapo; alibaki mpaka magunia ya wenzake yaliyokuwa foleni yamepimwa upya.

Miaka ya karibuni bahari imepata joto, na ule mwani wa bei nzuri, kotonii, ukawa unaoza majini kabla ya kukomaa. Wengi walibaki na spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Bibi alirudia makumbi ya ujana wake bila kulalamika.

Jana shangazi alinichukua pwani maji yalipopwa. Kabla ya kuugua, Bibi alikuwa amefukia makumbi, na shimo lake tulilitambua kwa figa jeusi aliloliweka juu yake. Tulifukua matope meusi yanayonuka, tukayaponda makumbi kwa mti, tukayasuuza; usumba ukatoka mwekundu, laini, umeiva barabara. Jioni shangazi aliusokota kwa viganja akiwa barazani, akauunga kwenye ncha ya ile kamba, kisha akaniuliza gunia lake la mwani tulilopima asubuhi lilikuwa na uzito gani. Nikamwambia kilo 34. Akafunga mafundo matatu, akasita, akauliza zile kilo nne Bibi alikuwa akizifanyaje.

Nikamwambia alikuwa akiziweka kichwani hadi gunia linalofuata.