Inasogea kwenda wapi?

"Baba, mbona bawa linavunjika?"

Binti yangu alikuwa amebandika paji la uso dirishani. Ndege ilikuwa ingali inatambaa kuelekea njia ya kurukia, na marubani walikuwa wanajaribu usukani kama ilivyo desturi. Kule mwisho wa bawa la kushoto, eleroni, kile kipande kinachochezacheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ilipanda, ikashuka. Jibu lake ni jepesi, ila sikulitoa. Nilikuwa nimesharudi kwenye ile zamu ya usiku.

Tulikuwa tumebadilisha kebo za eleroni. Mwenzangu ndiye aliyezifunga. Mimi nilikuwa jicho la pili, maana kazi inayogusa mifumo ya kuongozea ndege haikubaliwi mpaka mtu ambaye hakuifanya aikague na kuitia saini. Alfajiri ilikuwa inakaribia. Yeye alipanda chumba cha rubani, nami nikasimama chini ya bawa la kushoto na tochi yangu.

"Kushoto!"

Ikasogea, laini kabisa. "Sawa!"

"Kulia!"

Ikasogea. "Sawa!"

Tulirudia mara tatu. Nilitega sikio nisikie mkwaruzo, nikatazama kama inafika mwisho wa mwendo wake. Hapakuwa na kasoro. Nikaiweka fomu juu ya sanduku la vifaa, nikasaini.

Sijui ni nini kilichonifanya niinue tena macho. Eleroni ilikuwa imeinama chini, imetulia.

"Kaka, usukani umeushikia wapi?"

"Bado kushoto. Nikuachie?"

"Usiuachie."

Nikasimama pale nikiitazama. Usukani ukienda kushoto, eleroni ya kushoto hupanda na ya kulia hushuka, ndipo bawa la kushoto linapozama na ndege kugeuka. Hilo tulifundishwa mwanzo kabisa. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto kama bawa, nikaupindua kiganja, nikaanza kujieleza upya kama mwanafunzi, kwa sababu akili ilikataa kukubali. Kebo zilikuwa zimepishana. Nami nilikuwa nimeangalia kama kitu kinasogea, nisijiulize kinasogea kwenda wapi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: tukatoa taarifa, tukafungua bawa, tukahojiwa kila mtu peke yake, ndege ikachelewa. Mwenzangu alinishukuru. Shukrani ile ilinichoma, kwa sababu saini yangu ilikuwa imeshakaa kwenye karatasi.

Tarehe 11 Novemba 2018, Embraer 190 iliruka kutoka Alverca, Ureno, baada ya matengenezo makubwa, kebo za eleroni zikiwa zimepishana vivyo hivyo. Watu 6 waliokuwemo walihangaika angani hadi wakafanikiwa kutua Beja. Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D ilianguka na kuua wote 21. Uzito ulikuwa umeelemea nyuma kupita kiasi, na kebo ya eleveta, kipande cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege, ilikuwa imerekebishwa vibaya. Mkaguzi alikuwa ameruhusu baadhi ya hatua zirukwe. Kila ninaposoma habari hizo humtafuta yule mkaguzi kwanza.

Watu huniambia nilikuwa makini. Sina hakika. Mtu makini angeona kabla ya kushika kalamu.

"Baba?"

"Subiri kidogo, mama."

Tuliruka. Muda mfupi baadaye ndege ikaanza kuinamia upande wetu wa kushoto, na kile kipande cha bawa kikanyanyuka.

"Halivunjiki," nikamwambia. "Linageuza ndege."