Baraza ya nyuma na usubi wa Kunduchi: kumbukumbu ya mradi wangu

Lengo ni moja: Mama aweze kukaa barazani kuanzia alasiri mpaka baada ya isha bila kuumwa na usubi, na bila mtu kupuliza dawa ya wadudu kila jioni. Nyumba yetu ipo Kunduchi, jirani kabisa na mikoko ya mkondo. Baraza ya nyuma ilijengwa kwa ajili ya upepo wa bahari, lakini magharibi ikikaribia watu wote hukimbilia ndani kwenye joto na kufunga madirisha. Mama hapendi kufungiwa ndani. Ana uradi wake wa jioni, na anataka kuusoma akiona anga.

Aprili

Kabla ya kununua chochote nilitaka kumjua mdudu mwenyewe. Nilikaa barazani jua likizama, mkono mmoja wazi, selotepu mkono wa pili. Kila aliyetua nilimbandika, kisha nikamwangalia kwa lenzi ya kukuzia chini ya taa ya simu.

Ni mdogo mno, kati ya milimita 1 na 3. Mgongo umebinuka, kichwa kimeinama chini. Mbawa hulala bapa juu ya tumbo, moja juu ya mwenzake, na zina madoa meupe na ya kijivu kama kitambaa kilichomwagikiwa jiki. Aliyekwisha kunywa tumbo lake lilikuwa jekundu, limetuna. Madoa hayo ya mbawa ni dalili nzuri ya kumtambua: wengi wa kundi hili, ambalo wanasayansi huliita Culicoides, wanayo.

Wanaouma ni majike tu, kwa sababu wanahitaji damu ili mayai yakomae. Madume hunywa maji matamu ya maua. Jike hachomi ngozi kama mbu, bali huikata kwa meno madogo, damu ikajikusanya kwenye kidonda, naye akainywa. Ndiyo maana unausikia uchungu papo hapo, na unashangaa mdudu usiyemwona anakuumiza hivyo. Mwasho wa siku zinazofuata unatokana na mate anayoyaacha ili damu isigande. Mwili unayakataa.

Majirani wawili watatu waliniuliza kama usubi hawa wanaleta upofu. Hapana. Yule wa upofu ni nzi mwingine, mweusi, mnene kidogo, anayezaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi, kama ile ya Mahenge kule Morogoro. Wa mikoko haleti ugonjwa huo, wala haleti malaria wala dengi, maana hizo ni kazi za mbu. Wanaoteseka zaidi na ndugu zake ni mifugo: ugonjwa wa ulimi wa buluu wa kondoo na ule wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi wa jamii hii.

Mei

Mwezi wa daftari. Kila jioni niliandika mambo manne: saa, upepo, hali ya maji mkondoni, na kama tulikalika au hatukukalika.

Upepo ulijitokeza mapema kuliko vyote. Usubi hana nguvu ya kuruka. Upepo ukipita takriban mita 3 kwa sekunde, yaani ule unaotikisa majani ya mnazi bila kukoma na kukufanya ushike ncha ya kanga, hatoki. Hapa kwetu upepo wa bahari huvuma mchana, hulegea jua likizama, kisha pakatulia kabla upepo wa bara haujaanza usiku. Utulivu ule wa katikati ndio saa yao. Alfajiri wanarudi, lakini barazani saa hizo hakuna mtu.

Maji yalinichukua muda mrefu zaidi. Nilikwenda kumuuliza mzee mmoja mvuvi ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Aliniambia, "Mjukuu wangu, bamvua yenyewe usiiogope. Ogopa siku zake za nyuma." Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, hufuata mwezi, kwa hiyo nikaanza kuandika tarehe za mwezi mchanga na mwezi mpevu pembeni ya daftari. Bamvua ya Dar es Salaam hujaa kama saa 10 alasiri na saa 10 usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji hayo hufika juu kabisa, kwenye ukanda wa tope ambao siku nyingine zote hayaufikii. Yanapopungua kuelekea maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, ukanda ule hubaki na unyevu bila kufunikwa. Jioni mbaya katika daftari langu zilirundikana siku hizo, hasa pale ambapo upepo nao ulikuwa umelala. Babu alikuwa sahihi, na sishangai. Mtu aliyetega nyavu kwenye mkondo huu tangu ujana wake anaujua kuliko jedwali lolote la maji. Kwingineko duniani pia zipo spishi za pwani ambazo kuibuka kwake kunafuata mwezi.

Juni

Sasa swali likawa: wanatoka wapi hasa? Nilitengeneza mitego ya kunasa wanaoibuka kutoka ardhini. Ndoo nyeusi ya lita 20, kitako nimekitoboa na kupachika chupa angavu ya maji ya kunywa iliyogeuzwa, ndani nimeipaka mafuta ya kula. Ndoo inafunikwa juu ya tope, ukingo unazamishwa kidogo, na kigingi kinashikilia ili maji yasiichukue. Mdudu anayetoka kwenye tope hukuta giza, huufuata mwanga wa chupa, hunasa kwenye mafuta.

Niliweka ndoo sehemu nne: chini katikati ya mizizi ya michu (aina ya mikoko), juu kwenye ukingo wa bamvua, pale bomba la maji ya kuogea linapomwaga nyuma ya choo, na juu ya kigogo cha mgomba kilichooza.

Ukingo wa bamvua ulitoa wengi kuliko pote. Hilo nililitegemea. Sikutegemea lile la bomba: udongo mweusi wenye harufu, usiokauka hata mchana, nao ulitoa usubi kila nilipoitazama chupa. Wale tulikuwa tunawafuga wenyewe, mita chache kutoka kiti cha Mama! Kazi ya wiki hiyo ikawa kumwita fundi achimbe shimo la kunyonya maji, kulijaza mawe na kokoto, na kulifunika. Udongo wa pale sasa umekauka, na chupa haikamati kitu.

Kigogo cha mgomba kilitoa vidudu vinavyofanana nao ila mbawa hazina madoa na zina manyoya mengi. Hao nimewaacha kwa heshima zote. Kundi lao, Forcipomyia, ndilo linalochavusha maua ya mkakao, maana ua la kakao ni dogo na limejificha, nyuki haliwezi. Kakao ya Kyela inategemea vidudu vya aina hii. Hapa uani hatuna mkakao, lakini hawajatukosea lolote.

Kuhusu mikoko yenyewe, naandika hili kwa uzito. Kuna aliyependekeza tumwage oili chafu kwenye tope, na mwingine akasema bora ile michu ikatwe, usubi watahama. Mikoko inalindwa na sheria, na kuikata bila kibali ni kosa. Hata isingelindwa, tope lile ni la kaa, chaza na kamba wachanga ambao watu wa Kunduchi wanakula na kuuza. Mabuu ya usubi yanakaa kwenye sentimita chache za juu, katika eneo kubwa kuliko uwezo wa mtu na dumu lake. Ukimwaga oili mbele ya nyumba yako, utaua kaa wako, na usubi watakuja kutoka kwa jirani. Mizizi ya mikoko ndiyo inayoshikilia ukingo usiliwe na maji. Mimi siigusi.

Julai

Kariakoo kutafuta kitambaa cha kuzungushia baraza. Chandarua cha kawaida hakifai: tundu zake ni za kumzuia mbu, zaidi ya milimita moja, na usubi anapenya humo. Unahitaji tundu lisilozidi kama milimita 0.6. Nilikwenda na rula. Unaitandaza nguo juu ya rula, unahesabu nyuzi ndani ya sentimita moja. Zikipita 13 hivi, imefaa. Muuza vitambaa alinitazama kwanza kwa mshangao, kisha akachukua rula akaanza kunihesabia mwenyewe. "Hii dada, hii hapa hata mchanga haupiti." Ilikuwa shela nyepesi ya mapazia.

Niliishona upande mmoja wa baraza kwa majaribio. Inazuia, ndiyo. Lakini kitambaa kinachozuia usubi kinazuia na upepo, na katika unyevu wa Dar es Salaam ni kama umerudi chumbani. Mama alikaa kidogo akasema, "Mwanangu, hapa napumua pumzi zangu mwenyewe." Nikaifungua. Shela hiyo sasa ipo kwenye dirisha la chumba chake, ambako feni ya dari inasaidia, na pale inafanya kazi nzuri sana.

Kwa baraza nikageukia upepo wa kutengeneza. Feni ya kusimama, iliyoshushwa hadi urefu wa kiti, imeelekezwa miguuni na mapajani kutoka upande wa mikoko. Usubi hufuata hewa tunayoitoa puani na joto la mwili. Feni inaitawanya hewa hiyo na kumzuia yeye asitue. Feni ya pili, ndogo ya mezani, ipo upande wa pili kwa sababu nyuma ya kiti palikuwa na kona tulivu na walijikusanya humo. Hili ndilo jambo lililobadilisha baraza kuliko yote niliyojaribu. Taa nayo nimeihamisha ukutani mbali na viti, kwani baadhi yao hufuata mwanga.

Agosti

Upepo wa kusi unavuma, jioni nyingi ni nzuri zenyewe. Nimetumia mwezi huu kupanga ulinzi wa siku ambazo umeme utakatika.

Nguo kwanza. Mdomo wa usubi ni mfupi, hautoboi kitambaa, tofauti na mbu ambaye kanga nyepesi haimsumbui. Soksi na suruali ndefu nyepesi ya rangi ya mwanga zinatosha kwa miguu. Dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu, yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au ikaridini, inafaa kwa sehemu zilizo wazi, na unaipaka kabla hawajatoka. Mama hapendi harufu yake, kwa hiyo yeye hujipaka mafuta ya nazi mazito kwenye vifundo vya miguu na mikono. Wadudu wananasa kwenye mafuta, nimewaona, ila unapaswa kupaka tena na tena.

Moshi wa makumbi na majani ya mwarobaini unawafukuza kweli. Nimeuacha kwa sababu ya kifua cha Mama, na kifua chake kina thamani kuliko jioni moja.

Aliyeumwa: maji baridi, losheni ya kalamini, kucha zikatwe. Ngozi ikivimba sana, setirizini (dawa ya mzio) kutoka duka la dawa husaidia. Kidonda kikitoa usaha, aende kituo cha afya.

Septemba

Mama amekaa nje mpaka baada ya isha jioni nyingi za mwezi huu. Kinachobaki ni miezi ya malelezi, Oktoba na Novemba, kusi inapoondoka na kaskazi haijashika, halafu mvua za vuli zinanyesha juu ya hali hiyo. Kalenda ya mwezi nimeitundika jikoni, na siku za kufuatia bamvua nimezizungushia kalamu nyekundu. Siku hizo chakula cha jioni kitaandaliwa mapema, na feni zote mbili ziwashwe kabla jua halijashuka. Fundi umeme anakuja Jumamosi kufunga soketi ya nje yenye kifuniko cha mvua. Ndoo ya ukingo wa bamvua nimeiacha palepale. Nitaendelea kuitazama.